Mgonjwa Asiyenisumbua

Nilikuwa na mgonjwa niliyempenda kwa sababu hakunisumbua. Ni aibu kuandika hivyo, lakini nimejiahidi kwamba hapa sitajipamba. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, anaishi juu kidogo ya Magunga, mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa upande mmoja na vilima vya Ruma upande wa pili. Alikuwa na presha ya miaka mingi. Siku niliyompima mara ya kwanza kwenye kituo cha afya, mashine ilisoma 194 kwa 112, na yeye alikuwa anacheka na mwenzake kwenye benchi kana kwamba amekuja kununua sabuni.

Wakati huo nilikuwa nimeondoka wodini na kuingia kwenye utafiti. Swali letu lilikuwa rahisi kulitaja na gumu kulijibu: je, simu na kifaa kidogo vinaweza kufanya sehemu ya kazi ya daktari kwa watu wenye magonjwa yasiyoisha, kama presha na sukari? Ofisi ilikuwa chumba kimoja mjini Migori, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mchana kutwa tulifikiri huku mabati yakikatwa chini yetu. Kila mgonjwa tulimpa mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi, na mashine hiyo iliongea na simu yake bila waya. Asubuhi, kabla ya dawa, anajifunga, anabonyeza kitufe, anatulia. Namba zinaingia kwenye simu, zinatoka kwenye simu zinakuja kwenye kompyuta yangu, na simu inamjibu papo hapo. Ikiwa ni nzuri inasema, "Presha yako iko vizuri." Ikiwa ni mbaya inasema, "Presha yako iko juu. Zungumza na daktari wako." Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, na nilibishana nusu siku na mtengenezaji wa programu kuhusu neno "zungumza". Yeye alitaka "wasiliana". Nikamwambia watu hawawasiliani, watu huzungumza.

Kulikuwa na sheria moja niliyoiweka kwa hasira. Mimi ni Mkuria wa Kegonga, na majaribio ya kwanza kabisa niliyafanya nyumbani, kwa watu wanaonijua tangu nikiwa na kamasi. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anajipima mara saba kila asubuhi, kisha anatuma namba ya chini kuliko zote, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilipomuuliza alisema hataki kunihuzunisha. Nikarudi Migori nikiwa nafoka. Nikaagiza programu ipokee kipimo cha kwanza tu cha kila asubuhi, basi. Vingine vyote virudishwe kwa adabu: "Kipimo cha leo kimeshapokelewa. Asante." Hakuna tena kuchagua nyanya. Nilijiona mjanja sana.

Mama wa Magunga hakuhitaji kufinywa na sheria hiyo. Tangu wiki ya kwanza kipimo chake kilifika kila siku, saa moja na dakika kadhaa, na kilikuwa kizuri. 124 kwa 78. 120 kwa 76. 126 kwa 80. Wengine walikuwa wanapanda na kushuka, wanapotea siku tano kwa sababu ya chaji, wanarudi na namba za kutisha. Yeye mstari wake kwenye kompyuta ulinyooka. Nilipokuwa nimechoka na wagonjwa wengine niliufungua tu niutazame. Katika mkutano mmoja Kisumu niliuonyesha ukutani, bila jina, na watu wa tai walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nami kichwa kilivimba.

Nieleze pia jinsi tulivyokuwa tunaongea, kwa sababu hapo ndipo pa kujua mengine. Yeye ni Mjaluo, mimi ni Mkuria. Dholuo yangu inaishia kwenye salamu na bei ya samaki, na Kikuria kwake ni kelele tu. Kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha hospitali. Siku ya kumkabidhi mashine nilitaka aielewe vizuri, nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, hii simu ikisema, jua ni mimi nimesema." Akarudia polepole: "Simu ikisema, ni daktari amesema." Nikafurahi kwamba ameelewa.

Alikuwa anameza dawa za aina tatu, na moja ilikuwa inamvimbisha miguu. Baada ya mwezi wa namba nzuri nilimpigia nikamwambia aiache hiyo. Alifurahi sana, akaniombea kwa Mungu palepale kwenye simu. Mwezi uliofuata nikampunguzia nyingine nusu. Utaratibu niliouandika mimi mwenyewe ulisema mgonjwa asipunguziwe dawa kabla ya kuonana na daktari uso kwa uso. Lakini mvua ilikuwa imeanza, barabara ya Magunga ilikuwa matope, na nikajiambia: kumwondolea mama huyu safari si ndiyo kazi ya chombo chenyewe?

Katika simu hiyo ya pili alisema kitu. Alisema, "Daktari, lakini kichwa kinaniuma asubuhi. Huku nyuma."

Nilikuwa ninamtazama kwenye kompyuta. 122 kwa 78. Nikacheka kidogo. "Mama, presha yako ni nzuri kuliko yangu. Kunywa maji, ulale mapema, upunguze chumvi."

"Sawa, daktari," akasema.

Sauti hiyo bado ninaisikia. Haikuwa na malalamiko yoyote. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeambiwa na mtu anayejua.

Miezi miwili baadaye wafadhili wetu walitaka filamu fupi: mgonjwa mmoja, nyumbani kwake, asubuhi yake ya kawaida. Nilijua mara moja ni nani. Nililala Mbita, na alfajiri nikaondoka na gari la ofisi. Magunga nikamchukua mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamume mpole anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Njiani alinieleza habari ya boma lile, ambalo wao huliita dala. Marehemu mwenye dala aliacha wajane wawili. Mke wa kwanza, ambaye Wajaluo humwita mikayi, alikuwa anakaribia miaka sabini, na nyumba yake ndiyo inayotazama lango. Mgonjwa wangu alikuwa mke wa pili, nyumba yake ikiwa pembeni ya ile. Hawakuwahi kugombana, alisema, na akaongeza, "Hiyo si kitu ya kawaida."

Tulimkuta mgonjwa wangu ameoga, amevaa gauni la kanisani, na mashine ameiweka mezani chini ya mti wa uani, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Nilimwona amenenepa uso kidogo. Nikatoa simu yangu ya kupigia filamu, nikatafuta mwanga mzuri.

"Haya mama, tuanze. Fanya vile unafanya kila siku."

"Ngoja kidogo, daktari. Mikayi ameenda kufunga mbuzi."

Nilidhani anataka mwenzake naye aonekane. "Yeye tutampiga picha baadaye. Wewe jipime tu."

"Hapana," akasema, anacheka. "Ngoja tu."

Tukangoja. Mimi si mtu wa kungoja, aliyenizaa atakuambia. Nilikuwa na kikao mjini Homa Bay saa sita, na nilianza kutazama saa kwa namna ambayo mtu mwingine lazima aione. Mhudumu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Hatimaye mikayi akatokea nyuma ya nyumba, mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu ambaye hajawahi kuumwa goti. Akatusalimu mmoja mmoja. Akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya kile kitambaa cheupe.

Mgonjwa wangu akainama akamfunga mashine.

Nilikuwa bado ninapiga filamu, na nadhani bado ninatabasamu. Nilifikiri wananionyesha upendo wao. Mashine ikavuma, ikabana, ikaachia. 121 kwa 76. Simu ikalia, na mgonjwa wangu akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani: "Presha yako iko vizuri." Mikayi akaitikia kwa kichwa, kama aliyepokea salamu.

Ndipo mgonjwa wangu akajifunga mwenyewe. Mashine ikavuma tena, ikabana, ikakaa imebana muda mrefu. Nikasogea. 212 kwa 124. Simu ikasema kwamba kipimo cha leo kimeshapokelewa, asante. Yeye akainua uso kwenye kamera, akatabasamu jinsi alivyofundishwa, akasema, "Tumemaliza."

Nilikaa chini kwenye nyasi na suruali yangu ya kikao.

"Kila siku mnafanya hivi?"

"Kila siku, daktari. Hatujaruka hata moja."

"Na namba yako? Mama, hii namba yako huioni?"

"Naiona. Yangu iko tu hivyo, inapanda. Lakini hiyo simu haitaki yangu. Mimi nikaona imeshatujibu."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulisema simu ikisema ni wewe umesema? Ulinipigia ukanitolea dawa. Nikajua umeona."

Nilimgeukia mhudumu, na ningependa kusema nilimgeukia kwa upole. "Ulijua wanafanya hivi?"

"Nilijua," akasema. "Daktari, kitu kipya kikiingia dala kinaanza kwa mikayi. Hata mbegu. Mvua ikinyesha, hakuna mtu hapa anaweza kupanda kabla mikayi hajatia yake kwa udongo. Hii ni mashine tu, haina mwiko, lakini wao wakaona ni heshima. Na mimi nilidhani wewe unajua. Kwani nyinyi Wakuria hamna hii mambo?"

Tunayo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mke wa tatu. Nimekula kwake utotoni nikijua kabisa moshi wa jiko lipi hutangulia, na shamba la nani huguswa jembe kwanza. Hakuna aliyenifundisha, niliyajua jinsi mtoto anavyojua mlango wa nyumbani. Kisha nikaenda shule miaka mingi, nikarudi na sheria ya kipimo cha kwanza, na sikujiuliza hata siku moja: katika nyumba yenye wanawake wawili, wa kwanza ni nani?

Kikao cha Homa Bay sikukifikia, ingawa Homa Bay nilifika. Tulimlaza mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, na mikayi akaingia bila kuulizwa, kapu lake magotini, akakiweka kichwa cha mwenzake kwenye paja. Nilimuuliza mgonjwa kama anaona sawasawa. Akasema siku hizi anaona kama kuna nzi mbele ya jicho la kulia, anampunga, nzi haendi. Njia nzima niliendesha nikiogopa. Kila alipokaa kimya nilimwita, na kila nilipomwita alijibu, "Niko, daktari," kwa adabu ile ile.

Hospitali ilimpokea vizuri. Presha iliteremshwa polepole inavyotakiwa. Nyuma ya jicho la kulia kulikuwa na damu kidogo. Kipimo cha figo kilikuwa kibaya, si cha kumuua kesho, lakini cha kumfuata maisha yake yote. Daktari mwenzangu wa wodi, tuliyesoma pamoja, alinivuta kando akaniambia huwezi kujua ni miezi hii michache au ni ile miaka kabla ya kukutana nawe. Alikuwa anasema kweli. Nilimshukuru, na nilimchukia kidogo, kwa sababu nilisikia moyo wangu ukikimbilia neno hilo ujifiche ndani.

Na nilijificha kweli. Siku ya kumruhusu, shemeji yao, mdogo wa marehemu, alikuja kuwachukua. Ni mtu wa sauti kubwa, aliyezoea kuongoza vikao. Aliniuliza mbele ya wote, "Sasa daktari, hapa nani aliharibu?" Nami nikasema, kwa sauti yangu ya mikutano, kwamba kulitokea mchanganyiko wa vipimo. Mchanganyiko! Wali na maharagwe ni mchanganyiko. Nilisema neno lisilo na mtu ndani yake, nikawapa dawa, nikawaeleza saa za kuzimeza, nikamwomba mama ajipime kila siku yeye mwenyewe, yeye peke yake, kwa sababu dawa hizi mpya zina nguvu na bila kipimo zinaweza kumshusha kupita kiasi au kumwacha juu, na figo zake hazina nafasi ya kosa jingine. Mikayi alikuwa amesimama nyuma ya wote, anatazama sakafu. Nilimwona, nikaenda zangu.

Migori nilijitia kazini. Nilimwita mtengenezaji wa programu tukaongeza swali: "Anayepimwa ni nani?" Nilipendekeza mashine ya pili kwa kila nyumba yenye watu wazima wawili. Mtu mmoja wa timu alisema, kwa nia njema tu, kwamba tungeweza kumwondoa mgonjwa yule kwenye hesabu kwa kuwa data yake imechafuka. Nikamwambia data yake haijachafuka, ni safi kabisa, ni ya mtu mwingine tu. Tulicheka kicheko kibaya.

Lakini kutoka Magunga hakikuja kitu. Siku ya kwanza nilisema ni chaji. Siku ya tatu nikasema ni netiweki. Nilimpigia, simu ikaita bila kujibiwa. Siku ya tisa mhudumu alinipigia yeye.

"Hajipimi," akasema. "Mikayi amekataa kugusa hiyo mashine, na huyu naye anasema hawezi kuanza kama mikayi hajaanza. Iko tu kwa kapu. Na watu wanaongea, daktari. Wanasema huyo mzee alikuwa anakula afya ya mwenzake kila asubuhi, ndiyo maana yeye yuko na nguvu na mwingine anaharibika. Shemeji amesema hivyo kwa watu wengi."

Nilikata simu nikakaa. Chini bati lilikuwa linakatwa. Mwanamke wa karibu miaka sabini alikuwa amebeba jina baya kwa sababu mimi sikutaka kulibeba langu, na yule mwingine alikuwa anameza dawa kali gizani. Niliona haya, haya ya kweli, ile ya kuwasha masikio. Nikachukua ufunguo wa gari.

Nilifika kabla ya saa sita. Mahindi yalikuwa yameshafika kifuani, mistari imenyooka, na shamba la mikayi lilikuwa limetangulia kwa kimo cha kiganja. Nilimwomba mhudumu amwite shemeji. Alikuja na jembe begani, akasimama. Mgonjwa wangu alikaa kwenye mkeka, uso umevimba kidogo, na mikayi akakaa mlangoni kwake, mbali, kama mgeni kwenye dala lake mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka kichwani. Nikasema hivi, na mhudumu akayatia kwenye Dholuo sentensi kwa sentensi ili asiwepo wa kusema hakuelewa:

"Siku ile hospitalini mliuliza nani aliharibu, na mimi sikujibu. Ni mimi. Mashine ilikuwa inafanya nilivyoiambia. Niliiambia isikie mtu wa kwanza tu, na sikuuliza hapa wa kwanza ni nani. Nilipunguza dawa bila kumwona mgonjwa. Na aliniambia kichwa kinamuuma, nikacheka. Mikayi hakula kitu cha mtu. Mikayi alikuwa anafungua siku tu, kama anavyofungua shamba."

Shemeji aliteremsha jembe. "Wewe, daktari? Na umesoma hivyo?"

"Na nimesoma hivyo."

Shemeji akaenda mpaka mlangoni kwa mikayi, akasema maneno machache kwa Dholuo, chini chini, kichwa ameinamisha. Sikuyaelewa na sikuuliza. Mikayi alifuta macho kwa ncha ya leso, akaniangalia mimi.

"Mimi kila asubuhi nilikuwa nafurahi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, anakitafuta. "Ile simu inasema vizuri, mimi nafikiri, nikianza vizuri, na yeye atafuata vizuri. Ndiyo maana nilikuwa nanawa mikono. Nilikuwa naanza kwa ajili yake."

Nilimwambia pole, mama, na neno lilikuwa dogo. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kueleza masuluhisho yangu: kuna swali jipya la kutia kwenye simu, kuna mashine ya pili kwenye gari, au labda, kama mikayi ataruhusu, mwenzake atangulie kwa hii moja tu. Mgonjwa wangu alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Siwezi kumpita," akasema. "Daktari, hata kama ni kufa. Nimeishi naye miaka ishirini na sita. Siwezi kuamka nimpite."

Mikayi alikuwa anaitazama mashine, ambayo mhudumu alikuwa ameitoa kapuni na kuiweka mezani. Aliitazama kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kununua.

"Hebu niambie," akasema. "Hii kitu inajua imefungwa kwa mkono wa nani?"

"Haijui, mama."

"Inajua ikifungwa tu?"

"Hapana. Inaamka ikibonyezwa hapa. Kabla ya kubonyezwa imelala."

"Imelala," akarudia.

Akainuka. Alitembea mpaka kwenye beseni, akanawa mikono taratibu, akaifuta. Akaja mezani, akakaa, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Mgonjwa wangu aliinuka kutoka kwenye mkeka akamfunga. Mikayi akatulia hivyo, mgongo umenyooka, macho amefumba, kwa muda ambao mashine ingevuma. Haikuvuma. Hakuna aliyegusa kitufe. Kisha mikayi akafumbua macho, akaifungua ile mashine mkononi mwake mwenyewe, akauvuta mkono wa mwenzake, akaufunga juu ya kiwiko, akapitisha kidole kuona kama haikubana sana. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wagonjwa siku ya kwanza, na kumbe yeye alikuwa amekaa nyuma kabisa.

"Mimi nimeanza," akasema. "Sasa bonyeza."

Mashine ikavuma. Sijawahi kungoja namba jinsi nilivyoingoja ile, hata katika mtihani. 158 kwa 96. Ilikuwa mbaya. Dawa zilikuwa zinafanya kazi lakini hazijatosha, na sasa nilijua hazijatosha, na nilijua ni za nani. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote na sikuyafuta.

Simu ikalia juu ya kile kitambaa cheupe. Mgonjwa wangu akaichukua, akaisogeza mbali na jicho bovu, akasoma kwa sauti yake ya kanisani. Kwa miezi yote hiyo simu haikuwahi kumwambia maneno haya. "Presha yako iko juu," akasoma. "Zungumza na daktari wako."

Akaiweka chini. Akanigeukia.

"Imesema nizungumze na wewe," akasema.

"Nimesikia, mama. Zungumza."

Nikavuta kiti, nikazima simu yangu, nikakaa. Akaanza na kile kichwa cha asubuhi, kinavyoanzia nyuma na kupanda. Sikumkatiza.